Kusukuma Baiskeli Kitonga Si Aibu, Aibu ni Kuipakia Kwenye Kenta

Wadau, mjini wiki hii stori ni moja tu. Kaka yetu mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, ila mnamjua, yule wa miwani mpaka usiku) alitutangazia kwamba anakwenda Mbeya kwa baiskeli kutokea Dar, kilomita zaidi ya 800, kuchangisha hela za taulo za kike kwa mabinti wa shule za vijijini. Watu wakachanga. Mimi mwenyewe nilituma elfu kumi.

Juzi ikavuja picha: baiskeli iko nyuma ya kenta, staa kakaa mbele na dereva, na mlima hata hawajauanza. Jioni anapost yuko juu, eti "Kitonga nimeimaliza".

Timu yake inasema tumwache, mlima ule ni hatari. Hapo sibishi hata kidogo! Nimepita Kitonga kwa basi mara nyingi. Mnaacha joto la Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, barabara inaanza kujikunja, huku mwamba, huku korongo. Maroli ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia namba moja, yanayoshuka yananuka breki. Mtu wa baiskeli anakimbilia wapi? Na hapo keshapita hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50, ambako tembo anavuka akijisikia.

Sasa si angesema tu? "Jamani, hapa nimepanda gari, naogopa maroli." Mbona ningemwongezea elfu kumi nyingine. Au angeshuka akasukuma mdogo mdogo. Mwaka 2016 Chris Froome, akiwa na jezi ya njano ya Tour de France, aligongana na pikipiki kwenye mlima Mont Ventoux, baiskeli ikaharibika, akaanza kukimbia kwa miguu dunia nzima ikimtazama. Watu walicheka, lakini mashindano alichukua yeye. Na ujanja wa kenta wala si mpya, maana Tour ya 1904 wanne wa juu wote walinyang'anywa ushindi, na kati ya tuhuma za mwaka ule kulikuwa na watu kupanda treni.

Kinachoniuma si mlima. Kuna dada namfahamu, hana jina wala mashabiki, kila Januari anazunguka na daftari kuomba hela za taulo hizohizo. Jana kanipigia. Watu watatu wamemjibu, "Na wewe una kenta?"

Kaka, Mbeya umeshafika, picha tumeziona. Tuambie zimepatikana shilingi ngapi na zinakwenda shule gani, weka na risiti. Usipost tena jasho.

Mdau, wewe ulichanga? Ungekuwa yeye pale Kitonga ungefanyaje? Tiririka hapo chini, matusi hapana.