Kifafa cha mimba: Lini mama apigwe picha ya ubongo?

Mama amejifungua salama na kurudi nyumbani. Siku ya tano anaanguka na kukakamaa. Majirani wanasema ni jini, mama mkwe anatafuta mganga. Hapo ndipo muda hupotea, kwani kifafa cha mimba huweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Hospitalini daktari hasubiri picha. Hupima presha, ambayo ni ya juu ikifika 140/90, huangalia protini kwenye mkojo na kumchoma mama sindano ya magnesiamu salfeti ili degedege lisirudi.

Picha ya CT-Scan au MRI huhitajika degedege likirudi licha ya dawa, mama asipozinduka, akilegea upande mmoja wa mwili, au degedege likianza zaidi ya saa 48 baada ya kujifungua. Huonyesha kama ubongo umevimba, damu imevuja au imeganda kwenye mishipa. Uvimbe mara nyingi huisha presha ikishushwa. Damu iliyoganda huhitaji tiba nyingine kabisa.

Kama mke bado ni mjamzito, mume asikatae CT-Scan ya kichwa kwa kumhofia mtoto. Mionzi inayofika tumboni ni kidogo mno, na MRI haitumii mionzi hiyo.

Kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona ukungu au maumivu juu ya tumbo ni dalili za hatari. Mama awahishwe hospitali kabla hajaanguka.