Tiketi ya Ukumbini
Wiki hii basi la manjano la shule liliegeshwa nje ya ukumbi wa Kenya National Theatre, Nairobi, na wanafunzi wakashuka mbio kuja kutazama Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege wanayotahiniwa. Msichana mmoja alimkodolea macho mwigizaji aliyenyamaza kitambo jukwaani. Kimya kile hakimo kitabuni. Mwenye macho haambiwi tazama, ila sharti afikishwe penye cha kutazamwa. Mwalimu wao aliniambia kwamba waliobaki shuleni ni wale ambao wazazi wao walikosa nauli na kiingilio. Liliniuma hilo. Shule inayogharamia mavazi ya tamasha za drama za shule za Kenya, zilizoanza 1959, kisha ikamwachia mzazi maskini tiketi ya ukumbini, inatafuta vikombe tu, hailei waigizaji. Bodi za shule ziitie tiketi hiyo kwenye bajeti ya muhula ujao.