Waini, Bahari na Usukani: Kabla Hujaiga Klipu ya Staa, Uliza Nani Anaendesha

Wadau, bila shaka mmeziona zile klipu za staa wetu mmoja aliyekwenda kula bata California na baby wake. Jina naliweka kapuni, kiki anazo za kutosha. Klipu ya kwanza, RV, ile nyumba ya magurudumu yenye kitanda, jiko na choo ndani, imepaki katikati ya mizabibu. Ya pili, wako ufukweni. Ya tatu, jamaa kashika usukani anacheka, na glasi ya waini iko pembeni yake.

Komenti zikagawanyika kama kawaida yetu. Hawa wanasema, "Gari la kukodi hilo, wasituzuge." Wale wanajibu, "Wivu tu, tafuteni hela." Kwa maoni yangu, wote wamekodoa macho pasipostahili. Kukodi RV sio aibu, watalii kibao wanakodi. Ishu ni ile glasi.

Na najua hapa kuna watu, wa Bongo na wa Marekani, wameshafungua magrupu ya WhatsApp ya kuchangishana ili nao waende. Safi kabisa, nendeni. Ila kambi ya RV kwenye maeneo ya waini haichaguliwi kwa uzuri wa picha. Inachaguliwa kwa swali moja: tukishaonja, nani anaendesha?

Tuanze na ramani, maana klipu ya sekunde 30 haionyeshi umbali. Sisi tumezoea zabibu ni Dodoma na bahari ni Dar, huwezi kuchanganya. Pwani ya kati ya California vitu hivyo vimekaribiana, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini havijagusana. Paso Robles, wenye viwanda vya waini zaidi ya 200, wako ndani, nyuma ya milima ya Santa Lucia. Kutoka hapo kufika baharini Cambria ni kilomita 50 kasoro hivi, tena za kupanda na kushuka milima. Ukienda Pismo Beach kwa barabara kuu ya 101, ni kama kilomita 70.

Sasa piga picha. Umelipia kambi ya Pismo kwa sababu unataka kuamka na mawimbi. Asubuhi mnapanda Paso kuonja waini. Mnapita sehemu tatu, nne, kila sehemu wanakumiminia aina tano au sita. Saa kumi jioni mnatakiwa kurudi kilomita 70 na gari la mita tisa. Leseni ya kawaida ya California inaruhusu RV yenye urefu wa hadi futi 40, kwa hiyo mtu aliyezoea Vitz au IST anaweza kujikuta anaendesha kitu cha saizi ya basi, kichwani ana Zinfandel.

Sheria ya kule haina utani. Kiwango cha pombe kwenye damu kikifika asilimia 0.08, wewe ni mhalifu: faini, kufungiwa leseni, hata jela. Chupa iliyofunguliwa au glasi yenye pombe pale mbele kwa dereva ni kosa hata kama hujainywa. Kwa wenzetu walioko kule kwa visa, moto ni mkubwa zaidi, kwa sababu ukikamatwa kwa ulevi barabarani visa inaweza kufutwa hata kabla kesi haijaisha. Yaani shule, kazi, na hela unayomtumia mama kila mwezi, vyote vinaondoka kwa glasi moja ya mwisho. Na hapo sijamgusa mtu wa familia nyingine anayekuja upande wa pili wa barabara. Yeye hakuonja chochote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: siku za waini, lala kwenye waini. Siku za bahari, lala baharini. Usijaribu kuvipata vyote kwa kambi moja.

Siku za Paso, tafuta kambi ambayo gari likishapaki halitoki tena. Katikati ya mji kuna vyumba vya kuonjea waini kuzunguka bustani ya mji, unavizungukia kwa miguu. Vya mashambani, panda basi dogo la watalii au kodi dereva. Itakuuma kulipia, lakini mkigawana watu sita ni nafuu kuliko wakili. Kabla hujalipia kambi, wapigie simu uulize: basi la watalii linakuja kuwachukua watu hapo? Uber ya jioni inapatikana? Wakibabaika kujibu, endelea kutafuta.

Hakikisha pia kambi ina sehemu za kuunganisha umeme, maji na bomba la majitaka. Paso mwezi wa saba mchana joto linazunguka nyuzi 33 hadi 35, na siku nyingine linapita hapo. Bila umeme wa kambi, AC inakutegemea jenereta. Uliza ni ampea 30 au 50, kwa sababu gari lenye AC mbili linahitaji 50 ziwake zote pamoja. Na usiache sweta, usiku baridi inashuka hadi nyuzi 11 au 12.

Siku za bahari ndiyo uhamie Pismo, asubuhi, ukiwa umelala vizuri na kichwa hakina kitu. Huko ukungu unaweza kukaa hadi mchana na joto likabaki nyuzi 20 na kidogo, kwa hiyo AC huihitaji. Kambi ya serikali ya North Beach haina umeme wa kuunganisha, lakini bahari iko hapo hapo. Jenereta mwisho saa mbili usiku, kwa hiyo wazee wa spika kubwa mjipange. Nafasi zinafunguliwa miezi sita kabla na za kiangazi zinaisha fasta, usisubiri hadi mchango wa mwisho uingie.

Najua kuna mtu anaandaa komenti: "Bro, likizo yangu ni siku tatu, sina muda wa kuhamahama." Sawa, achana na Paso. Shuka kusini hadi bonde la Santa Ynez, kule ilikochezwa filamu ya Sideways ya 2004. Lala Buellton. Solvang, mji ulioanzishwa na Wadenmark mwaka 1911, uko kilomita tano tu, na vyumba vya kuonjea vimejaa mitaani, unatembea kwa miguu. Teksi ya kwenda na kurudi haitakufilisi. Kesho yake, dakika 20 hivi kwa 101, uko ufukweni Gaviota. Hapo umepata vyote viwili, na usukani haukukutana na glasi hata mara moja.

Wengine watasema naharibu raha za watu. Hapana. Kunywa, tena kunywa vizuri, ilimradi umri wako ni miaka 21 na kuendelea. Hata sheria ya California inaruhusu abiria kunywa kule nyuma kwenye sehemu ya kuishi ya RV wakati gari linatembea. Lakini dereva ni maji tu.

Na mastaa wetu, tunawapenda, ila mjue kuna mtoto wa miaka 22 anawaangalia na kuhesabu akiba yake. Mkituonyesha mizabibu na bahari, tuonyesheni na dereva mliyemkodi. Hiyo nayo ni bata.

Wewe je, kwenye grupu lenu mmeshamchagua asiyekunywa, au mnasubiri mfike mpigane? Tiririka hapo chini.