Katiba Iliyopindwa kwa Ajili ya Mtu Mmoja

Wazee wa huku Matiliku wangali wakimsifu marehemu Paul Ngei, nami siwalaumu. Alifungwa pamoja na Mzee Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, na deni hilo la ukombozi hatulikani. Ila sifa hizo huruka mengine. Tume ilipochunguza uhaba wa mahindi wa 1965, yeye akiwa waziri aliyesimamia uuzaji wake, biashara ya mkewe ilitajwa. Alisimamishwa kazi kwa muda, kisha akarudishwa uwaziri. Kwa Mkamba aijuaye njaa, hilo si jambo dogo.

Mwaka 1975 mahakama ilibatilisha uchaguzi wake kwa kosa la kumtisha mpinzani. Bunge likabadilisha katiba upesi ili Rais aweze kumsamehe. Mwizi wa kuku hajapata kubadilishiwa hata kifungu kimoja! Hatimaye kilichomng'oa bungeni ni madeni, alipotangazwa muflisi.

Nawauliza wale watakaotujia mwaka 2027 wakijivunia usuhuba wao na wakubwa: siku mtakapopatikana na hatia, mtakata rufani mahakamani au mtapiga simu Ikulu?