Mchezo wa Kuazima Nao ni Amana

Baada ya Swala ya Isha, mzazi mmoja wa hapa Dodoma alitujia na shitaka: mwanawe mkubwa amenunua mchezo wa kompyuta katika duka la Steam, naye hataki mdogo wake auguse. Tukadhani ni choyo, maana tangu mwaka 2024 duka hilo limeweka utaratibu wa familia: watu hadi 6 wa nyumba moja huchangia michezo waliyonunua, na mzazi huwapangia watoto saa za kucheza. Nakala moja tu ndiyo haichezwi na wawili kwa wakati mmoja, hupokezana.

Tulipomuuliza kijana, alijibu kwa adabu: mdogo akifanya udanganyifu ndani ya mchezo huo, mwenye mali naye hufungiwa. Hofu yake ilikuwa ya haki.

Basi wazazi wenzetu, kabla ya kuwaamuru wakubwa waazime, tuwafunze wadogo kwamba kilichoazimwa ni amana, hata kama hakishikiki mkononi. Yule mdogo aliahidi mbele ya baba yake, na kakaye akamfungulia mchezo.

Wabillahi tawfiq.