Sola ya kubandika na mabati ya Parklands



Majuzi huko Highridge, Parklands, fundi alipanda juu ya paa na sola iliyoviringwa kama mkeka. Akatafuta pa kuibandika, asipaone: mabati yalikuwa ya mawimbi.

Hapo ndipo wauzaji hunyamaza. Utepe mmoja wa aina hiyo, PVL-136 wa kampuni ya Uni-Solar ya Marekani, ulikuwa na upana wa sentimita 39, urefu wa mita 5.5 na uzito usiofika kilo 8. Ulitaka bati bapa, safi, kavu. Hakuna fremu wala kutoboa paa. Raha tupu! Ila ulitoa wati 136 tu, na kwenye nafasi hiyo hiyo paneli za kioo za leo hutoa mara tatu. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2012, kwa hiyo dhamana inadaiwa kwa nani?

Wakenya waliwahi kuumwa na nyoka wa sola isiyotimiza ahadi. Miaka ya 1990 paneli ndogo za silikoni nyembamba zilijaa madukani, na vipimo vya 1999 vikaonyesha baadhi ya chapa zikitoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa.

Mwenye paa Parklands akague kwanza kama bati lake ni bapa, kisha amwombe fundi leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati.

Msomaji,
Parklands, Nairobi