Sayansi Nyumbani: Kuku wa Shangazi

Safu ya leo imeanzia kwenye simu yangu. Nilikuwa ndani ya Gautrain nikitoka Sandton kwenda chuo, shangazi yangu wa Kibaha akanitumia picha ya utumbo wa kuku uliopasuliwa. Chini yake aliandika: "Mwanangu, kuku wa nyama wanakufa, leo kumi na mmoja. Wewe si unasoma mambo ya wadudu? Nitajie dawa." Kuku hao ndio ada ya binamu yangu.

Utumbo ulikuwa umejaa gesi, na ukuta wake wa ndani umechakaa kama taulo kuukuu. Picha ya namna hiyo nilishaiona darasani, lakini maelezo yake niliyajua kwa Kiingereza tu. Basi nilimwamkia, nikajitahidi.

Bakteria niliyemshuku anaitwa Clostridium perfringens. Kikulacho ki nguoni mwako: yumo kwenye utumbo wa kuku wengi wazima, wala hawadhuru. Anayeua ni yule mwenye silaha. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini silaha hiyo ni sumu iitwayo alfa. Mwaka 2006 watafiti wa Australia waliiharibu jeni ya sumu hiyo, na bado bakteria aliwaletea kuku ugonjwa. Mwaka 2008 wakatangaza sumu nyingine, NetB, inayotoboa seli mpaka zinakufa. Jeni yake ilipoharibiwa, ugonjwa haukutokea, iliporudishwa, ukarudi. Jeni hiyo hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake.

Hata hivyo, silaha peke yake haitoshi. Bakteria huyu hawezi kujitengenezea amino asidi nyingi, kwa hiyo hustawi protini inapozidi utumboni. Nikamwuliza shangazi: maranda yamelowa? Chakula umebadilisha? Akajibu kwamba mvua imeingia bandani, na ameongeza dagaa ili kuku wanenepe haraka. Maranda yaliyolowa hustawisha koksidia, vimelea vya kuhara damu, ambavyo huchubua utumbo na kuvujisha protini. Dagaa wakizidi, ni protini juu ya protini.

Jina la dawa sikumpa. Picha haithibitishi ugonjwa, na antibiotiki za kubahatisha hukuza bakteria sugu, ambao wanaweza kutufikia hata sisi walaji. Nilimwomba ampelekee daktari wa mifugo kuku aliyekufa muda si mrefu, abadilishe maranda, na arudie chakula cha zamani. Akaniambia, "Yaani miaka yote hiyo chuoni, dawa hujui?"

Lakini alienda. Daktari alimpasua kuku, akakuta na koksidia pia, akaandika dawa kwa yote mawili. Vifo vilikoma baada ya siku chache. Kati ya kuku 300, shangazi alipoteza 64. Ada ililipwa nusu, nusu nyingine inasubiri kundi lijalo.

Baadaye aliniambia kwamba mtaani kwao kuku yeyote anayeharisha husemwa ana "taifodi", na wote hupewa dawa ileile. Jina moja, magonjwa mengi. Je, kwenu mnayaitaje? Waulizeni wazee nyumbani, mtuletee majina hayo kwenye mkutano ujao wa klabu.